Haikuwa Jumapili

Mwinjilisti hakuwa mtu wa kupiga hodi. Alikohoa. Alikohoa mara mbili akiwa bado nje ya lango letu la miti, akangoja kidogo, halafu akaingia akisema, "Nimefika, msikimbie kuficha chai." Kwa miaka tisa alikohoa pale langoni asubuhi na jioni, na kwa miaka hiyo yote sikuwahi kuamua kama nilifurahi kumsikia au nilikasirika. Nadhani nilifanya yote mawili, na chai nilimpa.

Jina lake sitaliandika. Kwetu, ng'ambo ya mto ukitoka soko la Tulia, Kitui, hakuna aliyelitumia, hata mkewe alimwita Mwinjilisti. Mchungaji wetu alikuwa na makanisa matano ya kuzunguka, tukamwona siku ya meza ya Bwana tu. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa Mwinjilisti: kuhubiri, kuzika, kupatanisha waliogombania mpaka, na kufukuza mbuzi walioingia kula maua ya mimbari. Kazi hii ya mwisho aliifanya bila kukatiza mahubiri. Ungesikia, "Naye Bwana akasema, shhh, toka wewe, akasema, Ibrahimu."

Niseme mapema kilichonifanya nikae chini kuandika. Mtu huyu alisema sentensi moja Jumapili moja asubuhi, mbele ya watu wote, kisha akaishi miaka iliyofuata akitafuta mahali pa kuirudisha. Mahali penyewe palikuwa kando ya kitanda cha baba yangu. Baba alikataa kuipokea.

Alikuwa mrefu, mwenye koti moja la kahawia la mvua na jua, na mifuko ya koti hilo ilikuwa imejaa misumari. Hakuweza kupita msumari uliopinda njiani akauacha. Aliuokota, akaupangusa, na jioni akaketi juu ya jiwe na nyundo yake ndogo akaunyoosha. Baba, ambaye alikuwa fundi wa kujenga na mtu wa maneno machache, alimcheka sana kwa hilo. Alisema msumari ukinyooshwa mara ya kwanza utashika, ukinyooshwa mara ya pili utavunjika ndani ya mbao, na hapo ndipo utajua hujui. Mwinjilisti, aliyemwita baba Fundi, alimjibu kwamba hata Fundi mwenyewe alikuwa msumari wa mara ya pili, na neema ilikuwa imemshika.

Walikuwa marafiki hivyo. Sijui urafiki wao ulianza lini, nilizaliwa ndani yake. Waliketi juu ya rundo la mawe nyuma ya jikoni yetu, mmoja akisema sana na mwingine akisema kidogo, wakibishana juu ya mambo yasiyo na mwisho, kama vile ni ng'ombe au punda anayejua njia zaidi. Baba hakuwa mtu wa dini sana. Alikuja kanisani, lakini nilimwona mara nyingi akiangalia ukuta badala ya mhubiri. Mwinjilisti aliota majengo na baba akayasimamisha. Choo cha kanisa, jiko la akina mama, tangi la maji ya mvua, vyote vilianzia kwenye yale mawe nyuma ya jikoni.

Mahubiri yake yalikuwa marefu, lakini yalikuwa na bwana mmoja, nao ni ng'ombe. Kwetu mifugo hunyweshwa adhuhuri kwenye visima vinavyochimbwa mchangani mwa mto, na jua likifika kichwani Mwinjilisti alifunga Biblia hata kama sentensi iko katikati. "Mungu hana haraka," alisema, "lakini ng'ombe wana kiu." Mara moja alimwacha Yona tumboni mwa samaki. Alituambia Yona tutamtoa Jumapili ijayo, na Jumapili iliyofuata kukawa na msiba, na iliyofuata hiyo akaja mgeni kuhubiri. Yona alikaa mle karibu mwezi mzima, na nyanya mmoja akaanza kumuulizia.

Alihubiri dhidi ya tumbaku kwa ukali uliotisha. Lakini kila Alhamisi alimnunulia mama mkwe wake ugoro sokoni, akaubeba ndani ya kitabu cha nyimbo. Nilipomfumania alisema, "Yule ana miaka mingi, Mungu ameshamzoea." Pia alikuwa mwongo mbele ya wagonjwa. Kila mgonjwa aliambiwa amenona. Alimwambia hivyo hata baba yangu, siku ya pili baada ya ule upepo.

"Fundi, naona umenona."

"Nimefura," baba akasema.

Upepo wenyewe redio haikuuita kimbunga. Ilisema ni upepo mkali uliotangulia mvua. Sisi tuliokuwepo tunauita kimbunga, na watu wa redio waje tuwaonyeshe mabati tuliyoyatoa juu ya miti ng'ambo ya pili ya bonde.

Kabla ya kimbunga kulikuwa na mikaratusi. Waumini wa kwanza waliipanda upande wa mashariki wa kanisa la zamani, lile la udongo, na ilipokua ikawa mirefu kuliko kitu chochote pale kwetu. Kisha tukaamua kujenga kanisa la matofali. Matofali huchomwa kwa kuni, na kuni za kuchoma tanuri kubwa namna ile hazikuwepo karibu isipokuwa pale pale. Mwinjilisti akasema tuikate. Baba alikuwa ameketi juu ya mawe yake. Nilikuwa nikipepeta mahindi hapo kando, nikasikia yote.

"Upepo ya hapa hutoka upande ile," baba akasema.

"Tutapanda zingine, Fundi."

"Zitachukua miaka."

"Krismasi haitangoja miaka. Watu wamejitoa. Hao mwethya wakirudi nyumbani leo, kuwaita tena ni kazi."

Mwethya ni watu wetu wakikusanyika kufanya kazi ya mmoja au ya wote, na ukishawakusanya ni kweli huwezi kuwaambia warudi hivi hivi. Walikata miti yote kwa siku mbili, wanaume kwa mashoka na wanawake kwa kuburuta matawi, wakiimba, na baba akashika shoka kama wengine. Matofali yalitoka mekundu, mazuri sana. Miche mipya ilipandwa kwa maombi na ikaliwa na mbuzi wiki ile ile. Kosa kama hilo sijui kama lingeweza kufanywa na watu wengine. Tuliichoma miti iliyolilinda kanisa ili tupate kanisa.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana. Paa lilikuwa limepigwa majuma mawili kabla, dari bado. Baba alikuwa ndani peke yake akipiga plasta ukuta wa mwisho, ule wa mashariki. Wenzake walikuwa wameenda kula. Upepo ukaingia chini ya mabati, ukainua paa zima pamoja na kenchi zake za mbao, na ukuta ukalala ndani. Mimi nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi kwa wiki mbili tu, kupumzika, kisha nirudi kwenye kazi yangu ya kushona. Nilisikia mlio, nikadhani ni lori.

Tulimtoa chini ya matofali jioni ile. Hakulia. Aliuliza kama ukuta wa magharibi umesimama, akaambiwa umesimama, akafumba macho. Miguu yake hakuisikia tena tangu saa ile. Kisha mvua yenyewe ikaja.

Asubuhi ilikuwa Jumapili. Watu walikusanyika juu ya kifusi kwa sababu hawakujua mahali pengine pa kukusanyika. Wengine walikuwa wamepoteza paa za nyumba zao, akina mama walilia, na wote walimtazama Mwinjilisti aseme kitu. Alikuwa amekesha kwetu. Alipanda juu ya matofali, koti likiwa limelowa, akasema, "Ndugu zangu, Mungu ametuhurumia. Haikuwa Jumapili. Ingekuwa Jumapili, tungekufa sote."

Watu walisema amina. Niliwaona wakinyanyuka, migongo ikinyooka. Ilikuwa kweli kabisa, ingekuwa Jumapili tungekuwa zaidi ya mia moja mle ndani. Nami nilikuwa nimesimama pale na nguo yenye damu ya baba, nikahesabu watu waliohurumiwa nikakuta mmoja hayumo. Nilimchukia Mwinjilisti saa hiyo. Sioni haya kusema.

Mto wetu ni wa mchanga. Miezi mingi unauvuka kwa viatu vyako na hutajua kama ulikuwa mto. Jumapili hiyo ulijaa kutoka ukingo hadi ukingo na kukibeba kivuko cha saruji tulichokitegemea, na sisi tukabaki upande usio na hospitali, usio na soko, na punde usio na simu, kwa kuwa betri zilikwisha. Kila asubuhi wanaume sita walimlaza baba juu ya mlango wa kanisa, mlango alioutia bawaba mwenyewe wiki ile, wakambeba hadi mtoni. Mwinjilisti alitangulia. Walisimama wakaangalia maji ya rangi ya chai, wakasubiri, wakarudi naye nyumbani. Asubuhi nane. Siku ya tano baba aliomba aachwe.

"Leo yatapungua," Mwinjilisti akasema.

"Ulisema jana."

"Na kesho nitasema tena."

Walimbeba. Sikujua wakati ule kama ilikuwa imani au ni mtu asiyeweza kukaa chini. Alilala sakafuni kwetu siku zote hizo, juu ya gunia, na kila usingizi uliponikatika nilimsikia yuko macho. Siku ya tisa maji yalishuka hadi kiunoni, watu wa ng'ambo wakaleta kamba, tukavuka. Daktari wa Kitui alitwambia mgongo ulikatika pale pale chini ya ukuta, na kwamba hata tungefika saa ile ile isingebadilisha kitu. Mwinjilisti aliomba aambiwe mara mbili.

Hivyo wiki zangu mbili za kupumzika zikawa miaka tisa. Mama alikuwa ameshatutoka zamani, na ndugu zangu walikuwa na nyumba zao na sababu zao. Mtu asiyesikia kiuno chake lazima ageuzwe, ama atatoboka vidonda. Mimi peke yangu sikuweza kumgeuza baba, alikuwa mtu wa mifupa mizito. Ndipo kikohozi kikaanza, asubuhi na jioni. Mwinjilisti alishika mabega, mimi nikashika nyonga, akahesabu kwa Kikamba, "Imwe, ili, itatu," na baba akageuka. Alimnyoa. Alimsomea gazeti la zamani na kumbishia. Kisha akaketi nje chini ya dirisha kunyoosha misumari aliyoiokota vichakani baada ya upepo, maelfu, ndoo baada ya ndoo, na baba ndani akisikiliza tiki, tiki, tiki.

"Hiyo imevunjika," baba alisema kutoka kitandani, na kweli msumari ulikuwa umevunjika. Aliujua kwa mlio.

Mwinjilisti ndiye mtu pekee aliyeona kwamba nami nimelazwa. Mwaka wa pili alikuja Alhamisi moja akaketi mlangoni.

"Mwende, nenda soko."

"Sina kitu ya kununua."

"Sijasema ununue. Enda uangalie watu. Mimi niko na mzee mpaka jioni."

Tangu hapo Alhamisi zote zilikuwa zangu. Nikapata mahali pa kuweka cherehani kwenye baraza ya duka Tulia, nikashona sare na vitambaa vya meza. Siku moja kwa wiki nilikuwa mtu mwenye jina lake. Sikumshukuru. Ningemshukuruje, na kila Jumapili upepo ulituletea wimbo kutoka kanisani kilimani?

Kwa maana ile sentensi ilikuwa imeota miguu. Wageni walikuja kuona kanisa lililoanguka Jumamosi. Walisimuliwa, wakalia, wakatoa mabati, na kanisa likasimama upya, safari hii na linta imara ya zege juu ya kuta na nyaya za kufunga paa. Ushuhuda ulisomwa kila mwaka siku ya shukrani. Watoto wa Sunday school wakatungiwa wimbo wake wenye makofi, Haikuwa Jumapili, haleluya, na dirisha la baba lilitazama kilima. Aliusikia wote. Wakati mwingine aligongagonga kidole kwenye ubao wa kitanda, kwa mpigo wake. Hilo liliniuma kuliko kama angelia.

Mwinjilisti alijaribu kuuzima ushuhuda huo. Aliacha kuusimulia katika mahubiri, watu wakamuomba ausimulie. Akaenda mbele ya wazee wa kanisa akawaambia neno lile lilikuwa pungufu, kwamba miti aliikatisha yeye, na kwamba wakati tunashukuru kuokolewa kuna mtu tunamruka. Mkewe ndiye aliyenieleza. Wazee walimsikiliza kwa heshima, wakamwambia asilete fitina ndani ya nafsi yake mwenyewe, maana ushuhuda huo umewarudisha wengi kwa Bwana, na ushuhuda si shati la kuvua. Walimuombea apumzike. Alitoka pale akiwa amenaswa na maneno yake mwenyewe, tena yakiwa na mapambio.

Ikabaki kitanda cha baba. Alichagua jioni moja ya kiangazi, tulipokwisha kumgeuza. Nilikuwa nikikunja shuka, na wala hawakuniambia nitoke.

"Fundi," akasema, "ile miti nilikata mimi."

"Mwethya ilikata. Hata mimi nilikata."

"Mimi ndio nilisema. Wewe uliniambia upepo hutoka wapi."

"Sogeza hiyo mto kidogo."

Aliusogeza mto wa kichwa. "Na ile neno nilisema Jumapili, nikasahau wewe. Nilikuwa nimetoka hapa tu, nikakusahau kwa mdomo. Nataka uniambie ni makosa yangu. Useme tu mara moja, ndio nikuombe msamaha."

Baba aliangalia mabati ya paa. Alikuwa akiyajua yale mabati, kila tundu la msumari.

"Munyanya, nisikize," akasema, na sikuwahi kumsikia akimwita rafiki kwa mdomo. "Nikikubali ni wewe, itabidi nikasirike. Nikikasirika, kesho nani atanigeuza? Huyu msichana peke yake? Wacha ikae kwa Mungu. Yeye ako na mgongo."

Mwinjilisti alibaki ameinama. Halafu baba akamuuliza kama ni kweli jirani yetu ameuza punda, wakaanza kubishana juu ya punda. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye yale mawe nyuma ya jikoni. Nilielewa kwamba watu watatu tumefungiwa chumba kimoja na hakuna anayeweza kutoka bila kumwangusha mwenzake. Baba hangeweza kumkasirikia mtu aliyemhitaji. Mwinjilisti hangeweza kusamehewa na mtu asiyetaka kumlaumu. Na mimi sikuweza kumfukuza, kwa kuwa mabega ya baba yalikuwa mazito.

Hakukosa hata jioni moja baada ya hapo. Alipougua malaria alikuja akitetemeka, akashika mabega, akahesabu, akarudi kulala. Mkewe alipofariki, alimzika asubuhi, na jioni tukamsikia akikohoa langoni. Baba alimwambia arudi nyumbani. Alisema nyumbani hakuna mtu.

Baba alikufa mwaka juzi, mwezi wa mvua fupi, homa ya mapafu. Asubuhi ya siku ile, Mwinjilisti alipokuwa ameshaondoka, alinishika mkono.

"Mwambie nilimkasirikia," akasema.

"Nani, tata?"

"Huyo wa misumari. Mwambie ilikuwa kila siku. Asubuhi nilikasirika, jioni nikasikiliza kama amekohoa. Asikae akifikiri sikuwa na hasira. Hiyo si haki."

"Si utamwambia mwenyewe akija?"

"Akija atanigeuza," baba akasema, nami nikajua maana yake: mtu anayekugeuza humwambii umemkasirikia. Saa nane mchana alikuwa ameondoka. Kikohozi kilipofika jioni nilikuwa langoni, na hapakuwa na wa kugeuzwa.

Kwenye mazishi mchungaji alisimulia ushuhuda, watoto wakaimba na makofi yao, mbele ya jeneza. Mwinjilisti hakuimba. Tulipomaliza kufukia alikuja akasimama karibu nami, kofia mkononi, akaniuliza kama baba alisema chochote. Nilimwambia hapana.

Nilisema uongo, na sababu yake ni hii. Kwa miaka tisa nilikuwa nimegawana baba na mtu huyu, mabega yake, nyonga zangu, na lile neno la mwisho lilikuwa kitu pekee cha baba ambacho hakuna aliyekishika upande wa pili. Tena nilitaka aendelee kubeba. Nilijua nilichokuwa nikikifanya.

Muda si mrefu binti yake, ambaye ana hoteli ya chakula kando ya barabara kuu pale Kambu, alikuja akamchukua. Macho yalikuwa yameanza kumwacha. Aliacha ndoo tatu za misumari iliyonyooshwa kwenye baraza yetu, bila ujumbe. Nilizizunguka zile ndoo mwaka mzima na zaidi, nikifagia pembeni yake. Kisha nikasikia Tulia kwamba sasa hawezi kutofautisha mchana na jioni, na kwamba kila mtu wa kwetu anayepita Kambu anaulizwa swali moja: Mwende anasemaje, Fundi aliacha neno?

Nilifunga cherehani Jumatano, nikasafiri Kitui hadi Kibwezi, nikafika Kambu adhuhuri. Hoteli ilikuwa na meza nne na lango la mabati nyuma, na nyuma ya lango nikamwona kwa upenyo, kwenye kiti cha plastiki, koti lile lile. Malori yalipita kila dakika na yeye aligeuza uso kufuata kila moja. Nilitaka kupiga hodi. Nikakohoa, mara mbili.

Aligeuzia uso langoni. "Nani huyo ananikohoa?" akasema.

"Ni mimi, Mwende. Msikimbie kuficha chai."

Alicheka, akanipa mkono upande nisipokuwepo, nikauzunguka nikaushika. Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, na kabla ya chai kuja nikamwambia, maana ningenywa chai kwanza ningeogopa tena. Nilimwambia kwamba nilimdanganya makaburini. Nilimpa maneno ya baba yote, jinsi yalivyotoka, pamoja na lile la haki.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku."

"Hata ile siku nilimletea papai?"

"Alisema kila siku."

Aliinama, mikono juu ya magoti, mabega yakaanza kutikisika, nami nikadhani nimemuua. Alipoinua uso machozi yalikuwa yamejaa kwenye mikunjo, lakini mdomo ulikuwa ukicheka.

"Afadhali," akasema. "Afadhali, mwiitu wakwa, mwanangu. Mimi nilifikiri hakuniona kabisa. Nilifikiri nilikosea mtu na hiyo makosa haina mwenyewe." Akajipangusa kwa mkono wa koti. "Na wewe je?"

"Hata mimi. Na sijamaliza."

"Lakini chai ulikuwa unanipa."

"Chai nilikupa."

Alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyelipwa kitu chake. Akaniambia anamwomba Fundi msamaha kupitia masikio yangu, kwa kuwa sasa kuna hasira ya kuombea msamaha. Nilisema nimesikia. Sikusema zaidi, kwa sababu msamaha wa baba si wangu kuutoa, na wangu bado ulikuwa njiani. Lakini nilimshika mkono mpaka chakula kilipoiva.

Binti yake alituketisha mbele, kwenye meza pamoja na mfanyabiashara wa mbuzi kutoka upande wa Garissa, mtu wa makamo mwenye kofia nyeupe, ambaye hupita pale na lori lake kila wiki. Walisalimiana na Mwinjilisti kama watu waliozoeana. Binti aliweka muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na maharagwe mezani, akajipangusa mikono kwenye aproni, akatabasamu kwa fahari.

"Baba, leo mpatie mgeni ile ushuhuda ya upepo. Wiki jana ulimwahidi."

"Eeh, nimengoja hiyo," mwenye mbuzi akasema. "Ile haikuwa Jumapili."

Niliweka kijiko chini. Mwinjilisti alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akageuza uso pale alipodhani nimeketi, na safari hii hakukosea.

"Ilikuwa Jumamosi," akasema. "Saa tisa. Na ndani kulikuwa na mtu."

Kisha akalitaja jina la baba yangu. Hakusema Fundi. Alitaja majina yote matatu, taratibu, kama yalivyoandikwa kwenye kitambulisho chake, na mwenye mbuzi akaacha kula ili asikie.